Wazazi wa Moshi na Arusha: somo la mwili, balehe na mahusiano kwa watoto wa shule ya msingi, tulipokee vipi?

Mleta uzi (Rau, Moshi)

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Shule ya msingi wanakosoma watoto wangu hapa Moshi imewaita wazazi na kuwajulisha kwamba kuanzia muhula ujao mwalimu wa malezi, akisaidiwa na muuguzi wa zahanati ya jirani, ataendesha vipindi kwa darasa la tatu hadi la sita kuhusu mwili, balehe, urafiki na namna ya kujilinda na ukatili wa kingono. Kikao kilichukua muda mrefu kuliko kile cha michango ya chakula, jambo ambalo wenye watoto shuleni wataelewa uzito wake. Waliopinga walisema watoto watafunguliwa macho kabla ya wakati. Waliounga mkono walijibu kwamba macho yalikwisha kufunguliwa na simu za mkononi. Nimesikiliza hoja zote mbili, na naona zote zinapita kando ya jambo lenyewe.

Baada ya kikao niliomba nakala ya mpango wa vipindi nikausoma wote. Darasa la tatu watafundishwa majina ya viungo vyote vya mwili, usafi, nani anaruhusiwa kumwogesha au kumvua mtoto nguo na katika hali gani, pamoja na tofauti iliyopo kati ya siri ya furaha, kama zawadi iliyonunuliwa ikisubiri kutolewa, na siri ambayo mtu mzima anamtaka mtoto aifiche ili yeye asijulikane. Darasa la nne na la tano watafundishwa balehe: hedhi, ndoto nyevu, chunusi, kubadilika kwa sauti, na jinsi ya kuishi na wenzao bila kudhihakiana kwa mabadiliko hayo. Darasa la sita ndilo litakaloelezwa jinsi mimba inavyotungwa, jinsi VVU vinavyoambukizwa, na hatari ya picha zinazotumwa kwa simu. Kwa hiyo lile ambalo wazazi walilibishania karibu kikao kizima limepewa sehemu ndogo na kuwekwa mwishoni. Sehemu kubwa ya vipindi inahusu mahusiano: nani ni rafiki, nani anakutisha, na ukitishwa umwambie nani.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa kikaoni, nalo ni utii. Sisi watu wa huku tunawalea watoto katika adabu ambayo mimi mwenyewe naipenda na sitaki ipotee. Mtoto humwamkia kila mkubwa, hutumwa dukani na jirani bila kuuliza, hajibizani na mtu mzima, wala hatoi nje mambo ya ndani. Tatizo ni kwamba adabu hiyo tumeifundisha bila kuiwekea mpaka. Mtoto aliyezoezwa kwamba mkubwa hakataliwi atakuwa hana la kusema siku ambayo mkubwa huyo ni mwalimu wa tuisheni anayembakiza peke yake, au kijana wa bodaboda aliyekabidhiwa kumpeleka shule kila asubuhi, au binamu aliyekuja kutafuta kazi mjini akalazwa chumba kimoja na watoto kwa sababu nyumba ni ndogo.

Kwa maoni yangu, thamani ya vipindi hivi iko hapo. Vinampa mtoto ruhusa, iliyotamkwa na watu wazima wenyewe, ya kumkatalia mkubwa katika jambo moja maalumu na kwenda kulisema. Lakini ruhusa hiyo haiwezi kutolewa na shule peke yake. Mwalimu akisema asubuhi kwamba mwili wako ni wako, na jioni nyumbani mtoto akasukumwa kumkalia mgeni mapajani kwa kuwa akikataa atamwaibisha mjomba, mtoto ataamini la nyumbani. Ndiyo maana naona ni jambo la ajabu sisi wazazi kukaa tunajadili kama shule ifundishe au isifundishe, ilhali nusu ya somo lenyewe ni letu na hakuna mwalimu anayeweza kutufundishia.

Ukubwa wa tatizo umefahamika kwa muda mrefu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Naomba takwimu ya wavulana isomwe mara ya pili, kwa kuwa katika kikao chetu akina baba kadhaa walipendekeza vipindi viwe vya wasichana pekee.

Naongeza kwamba mwaka 2023 Serikali ilisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba watoto wa umri huo walelewe na familia zao. Kwa mikoa yetu hii yenye shule nyingi za bweni, agizo lile liliwarudisha watoto wengi mezani kwetu, na haitoshi kuwarudisha ili wale na kulala tu.

Nakaribisha michango, hasa ya wasiokubaliana nami.

Mkazi wa Njiro (Arusha)

Mleta uzi, nakushukuru kwa lugha ya staha, ila naomba nipinge kwa uwazi.

Mimi sina ugomvi na kumfundisha mtoto kukataa kuguswa. Ugomvi wangu ni kuaminiana. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya watoto kwa kuonekana kwamba vinakwenda kinyume na maadili ya taifa, na agizo lile lilihusu vitabu vilivyokwisha kufika katika shule na maktaba. Je, aliyeviingiza alimwuliza mzazi gani? Mimi nalipa ada katika shule ya mchepuo wa Kiingereza, na kitabu cha ziada huletwa mwanzoni mwa muhula kikiwa kimefungwa kwenye nailoni pamoja na bei yake. Sikumbuki hata mara moja kuombwa nikisome kwanza. Leo ninaambiwa nimwamini mtu nisiyemjua azungumze na binti yangu wa miaka 10 kuhusu jambo ambalo mimi na mama yake hatujalizungumza naye. Wewe umebahatika kupewa mpango wa vipindi. Wengine tukiomba tunaonekana wakorofi.

Pili, mambo haya yana asili yake huko nje, na huko nje yanaendelea kupanuka kila mwaka. Leo ni hedhi, kesho ni mengine.

Mleta uzi (Rau, Moshi)

Ndugu yangu wa Njiro, katika hoja ya kwanza niko upande wako kabisa. Mzazi anayeomba kuona kitakachofundishwa si mkorofi, na shule inayosita kukionyesha imejitia yenyewe mashakani. Mimi ningeomba kuona mpango, picha zitakazoonyeshwa na jina la atakayefundisha, na ningeomba hayo kabla ya kipindi cha kwanza.

Kuhusu huko nje, tukipatazama kwa makini tutaona wazazi wa huko nao wanabishana kama sisi, na mabishano yao yamezaa taratibu ambazo hazitudhuru kuzijua. Nchini Uingereza, kwa maana ya England, elimu ya mahusiano imekuwa ya lazima katika shule zote za msingi tangu Septemba 2020, lakini elimu ya kujamiiana si ya lazima katika ngazi hiyo. Shule ikiamua kuifundisha, mzazi ana haki ya kumwondoa mtoto wake, ila hawezi kumwondoa katika elimu ya mahusiano wala katika yaliyomo kwenye somo la sayansi. Nyuzilandi sheria ya mwaka 2020 iliitaka bodi ya shule ishauriane na jamii angalau mara moja kila miaka miwili kuhusu namna elimu ya afya itakavyofundishwa, na mzazi anaweza kuandika barua kuomba mtoto asishiriki sehemu inayohusu ujinsia. Na si kweli kwamba kila kitu huko kinapanuka tu: mwongozo wa Nyuzilandi wa mwaka 2020 kuhusu elimu hiyo uliondolewa mwaka 2025 baada ya serikali mpya kuukataa.

Ninachokiona katika mifano hiyo ni mgawanyo. Wametenganisha mahusiano na kujamiiana, la kwanza wakalifanya la kila mtoto na la pili wakamwachia mzazi nafasi. Kamati zetu za shule zingeweza kuafikiana juu ya mgawanyo kama huo bila kusubiri mtu wa kutoka Dodoma.

Mama wa Majengo (Moshi)

Assalaam aleikum na Bwana asifiwe kwa wote, maana Majengo tunaishi pamoja.

Nimestaajabu kusoma kwamba hedhi ni mada ya kigeni. Mtoto wa Kiislamu anayesoma madrasa hufundishwa hedhi, janaba na namna ya kujitoharisha kwa sababu bila hayo hajui ni lini swala inamlazimu na ni lini haimlazimu. Ustadhi huyasema bila kicheko na watoto huyasikiliza bila kicheko, kwa kuwa yamewekwa ndani ya ibada. Jirani zangu Wakristo wana mafundisho ya kipaimara, na najua wachungaji wengine hugusa usafi wa mwili na uhusiano wa wavulana na wasichana. Kwa hiyo hoja kwamba jamii yetu haizungumzi mambo haya na watoto haina msingi. Tunayazungumza, ila tumeyagawia watu maalumu, na mtoto asiyehudhuria madrasa wala kanisa hubaki mikono mitupu.

Ninachokiona kimepungua katika mafundisho yetu ni kile alichokisema mleta uzi. Tumemfundisha binti kujisitiri. Hatukumfundisha la kufanya pale ambapo amejisitiri na bado mtu amemfuata.

Mzee wa Marangu

Wanangu, naongeza kidogo kwa upande wa Uchagani. Wazee wetu walikuwa na jando na unyago wao, ngasi kwa wavulana na shija kwa wasichana, na huko walifundishwa mambo ya uzazi na maisha ya ndoa kwa nyimbo, kwa viapo, na kwa mregho, ile fimbo iliyochongwa alama ambayo mkufunzi aliifuata hatua kwa hatua. Kwa maana hiyo mtaala ulikuwepo, na ulikuwa wa kina kuliko huu mnaougombania. Lakini tusidanganyane kwamba ulikuwa wa watoto wa darasa la tatu. Walioingia humo walikuwa vijana wanaokaribia kuoa na kuolewa, na kwa wasichana uliambatana na ukeketaji, jambo ambalo sheria ya mwaka 1998 imelifanya kosa la jinai binti akiwa chini ya miaka 18, na ambalo katika baadhi ya vijiji vya Arusha na Manyara bado halijakoma.

Watoto wadogo walipewa hadithi. Bibi alikaa motoni akasimulia habari za irimu, zimwi linalojigeuza kijana mtanashati likamchukua msichana aliyekataa ushauri wa nyumbani. Hadithi zile zilikuwa na maana yake, ila zina kasoro moja kwa zama hizi: irimu daima alitoka mbali. Hakuna bibi aliyesimulia kwamba irimu anaweza kuwa amekaa pale pale motoni akila ndizi pamoja nasi.

Mwalimu (Hai)

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka mingi na ningependa mjue hali halisi ya darasani kabla hamjatutwisha au kutunyang'anya mzigo huu.

Mada za uzazi na ukimwi zimekuwemo katika sayansi kwa muda mrefu. Kwa hiyo mzazi anayedhani kwamba shule itaanza sasa amechelewa. Lakini kuwemo kitabuni si kufundishwa. Wako walimu wenzangu ambao wakifika kwenye mchoro wa via vya uzazi huwaambia wanafunzi wausome wenyewe nyumbani, kisha huendelea na mada ya sumaku. Siwalaumu sana. Mwalimu naye alilelewa katika nyumba ambamo maneno hayo hayakutamkwa, na akiyatamka mbele ya watoto 80 waliobanana, mmoja akacheka, kipindi kimekwisha. Mwalimu wa kiume huogopa zaidi, kwa sababu neno moja likipotoshwa na mtoto akifika nyumbani, kesho mzazi yuko ofisini kwa mwalimu mkuu na keshokutwa mtaa mzima una habari.

Matokeo ya kunyamaza nayo tunayaona, ila yanaonekana baadaye, mtoto akiwa amekwisha kutoka mikononi mwetu. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamekwisha kupata ujauzito. Waraka wa mwaka 2021 umewaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, nami naupongeza, lakini msichana anayerudi amebeba mtoto na masomo kwa wakati mmoja.

Ombi langu ni kwamba vipindi vya balehe vigawanywe mara mbili. Wavulana na wasichana wakae tofauti kwa muda ili waulize bila haya, kisha wakutanishwe, kwa kuwa mvulana asiyejua hedhi ni nini ndiye huyo anayemcheka mwenzake aliyechafuka sketi, na msichana aliyechekwa hukaa nyumbani siku zile kila mwezi. Nimeshuhudia darasa ambalo baada ya kuelezwa, wavulana ndio waliomfunika mwenzao kwa sweta.

Mama wa Unga Limited (Arusha)

Mwalimu, nakuheshimu, ila niruhusu niseme ambalo wengi wanalinong'ona. Na kama mwenye kudhuru ni mwalimu mwenyewe? Katika shule moja ambayo sitaitaja, aliyekuwa akiwaonya wasichana wasikubali zawadi za wanaume ndiye aliyekuwa akiwaita ofisini jioni. Wazazi tulijua baada ya mtoto mmoja kukataa kabisa kwenda shule. Sasa mnataka mtu wa namna hiyo apewe na kipindi rasmi cha kuzungumza na watoto kuhusu miili yao?

Mleta uzi (Rau, Moshi)

Dada wa Unga Limited, swali lako ndilo zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na sidhani kwamba lina jibu moja.

Naona mambo mawili. La kwanza ni kwamba kipindi cha namna hii kisiendeshwe na mtu mzima mmoja aliyefunga mlango. Wawe wawili, wa kike na wa kiume au mwalimu na mtu wa afya, mlango na madirisha vikiwa wazi, na mjumbe wa kamati ya shule akiwa na haki ya kuingia wakati wowote. La pili ni kwamba mtoto asifundishwe kumwambia mwalimu peke yake. Afundishwe watu kadhaa, baadhi yao wasiohusiana na shule: mzazi, bibi, shangazi, mama mchungaji au ustadhi, na zaidi ya hao namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo, na dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto nao unataka shule ziwe na dawati la ulinzi na usalama wa mtoto; waulizeni walimu wakuu wenu linakaliwa na nani, maana mahali pengine lipo kwenye karatasi ya ubaoni tu.

Nakubali kwamba hata hivyo mtu mbaya anaweza kupenya. Lakini mtoto uliyemtaja alikataa kwenda shule kwa sababu alikuwa anajua kuna jambo baya na hakuwa na namna ya kulisema. Kumnyima somo hakumwondoi mwalimu yule ofisini.

Wakili kijana (Sekei, Arusha)

Niongeze la kisheria, kwa sababu suala la majina ya viungo lililotajwa mwanzoni limepuuzwa na wengi kama jambo la aibu tu.

Katika makosa ya ubakaji na ulawiti wa watoto, mara nyingi hakuna shahidi mwingine zaidi ya mtoto mwenyewe. Sheria ya Ushahidi inaliona hilo. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo baada ya kuahidi mahakamani kwamba atasema ukweli na si uongo, na mahakama ikiridhika kwamba anasema ukweli inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto huyo peke yake. Mahakama ya Rufani imekubali katika baadhi ya mashauri kwamba watoto wetu husema kwa staha, kwa mfano "alinifanyia tabia mbaya", na kwamba maneno hayo yanaweza kueleweka kulingana na ushahidi mwingine. Hata hivyo, mtoto asiye na maneno ya kueleza alichofanyiwa, wapi na kwa kiungo gani, humwachia wakili wa utetezi nafasi pana sana. Mtoto aliyezoea kusema uke na uume bila hofu, kama anavyosema goti na kiwiko, hutoa maelezo yaliyonyooka kuanzia kwa mama yake, polisi, kwa daktari hadi kizimbani, na maelezo yasiyobadilika ndiyo yanayoaminika.

Kuhusu adhabu, kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akidai aliridhia, isipokuwa ndani ya ndoa iliyoruhusiwa na sheria, na kifungo chake huanzia miaka 30. Msichana akiwa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Nalitaja hilo kwa sababu ya tabia ya kumaliza mambo haya nyumbani kwa mbuzi na masale, yale majani ya Kichaga. Sale ni la kuombea msamaha kwa jirani uliyemkosea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa, na wanaokaa kikao cha kulipana mbuzi wanakaa kinyume chake.

Mkazi wa Njiro (Arusha)

Wakili, hilo la ushahidi sikulijua na limenigusa. Bado sikubaliani na kipindi cha darasa la sita kuhusu kutungwa kwa mimba. Hilo ni langu na mke wangu.

Muuguzi (Moshi)

Baba wa Njiro, ni haki yako, ila fanya haraka. Dalili za kwanza za balehe kwa wasichana huonekana kati ya miaka 8 na 13, na kwa wavulana kati ya miaka 9 na 14. Hedhi kwa kawaida hufuata takriban miaka miwili baada ya matiti kuanza kuota. Binti yako wa miaka 10 akishaanza kuota matiti, saa imekwisha kuanza kuhesabu, na hataingoja familia ikae tayari. Wasichana wanaokuja kwetu wakilia kwa kudhani wamepasuka ndani ni wengi kuliko mnavyofikiri, na baadhi yao wana mama wasomi.

Kilimanjaro tuna uzoefu wa jambo linalofanana na hili. Mwaka 2014 mkoa wetu ulitangulia kupewa kwa majaribio chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa shule za msingi, miaka minne kabla haijaenezwa nchi nzima. Maneno yaliyosemwa wakati ule ndiyo haya haya: kwamba watoto wanafunguliwa njia, kwamba wataharibiwa vizazi, kwamba kuna mkono wa nje. Kilichotusaidia hakikuwa mabango. Ilikuwa ni kukaa na akina mama na kuwaeleza kwamba chanjo hutolewa mapema kwa sababu hufanya kazi vizuri kabla binti hajakutana na kirusi, na si kwa sababu tunamtarajia aanze mahusiano. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na mama wengi huja kuiulizia wenyewe.

Jambo la pili ni la dharura, na sitaki lipotee kwenye mjadala. Mtoto akisema amefanyiwa ukatili wa kingono, msimwogeshe wala msifue nguo alizokuwa amevaa. Zifungeni kwenye mfuko wa karatasi na mmlete hospitali mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Fomu ya PF3, ile ya uchunguzi wa majeruhi, hutolewa polisi, ila msiache mtoto akae nje kwa siku mbili kwa sababu mnatafuta fomu au mnasubiri babu afike kutoka Rombo ili kikao cha ukoo kikae. Na tafadhali, msimuulize mtoto mara kumi kwa midomo kumi tofauti. Mtu mmoja anayemwamini amsikilize, aseme "nakuamini, hujakosea", basi.

Mama wa Usa River

Nauliza kwa wenye ujuzi: watoto wangu ni wa miaka sita, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Wako awali. Nianzie wapi bila kuwatisha? Kazi yangu ni ya hotelini, natoka alfajiri, wanabaki na dada wa kazi.

Muuguzi (Moshi)

Mama, anzia bafuni. Unapowaogesha taja kila kiungo kwa jina lake. Waambie kwamba sehemu zinazofunikwa na chupi hazishikwi na mtu mwingine isipokuwa mama, au dada anapowaosha, au daktari mama akiwepo, na kwamba hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kuwaomba washike zake. Waambie pia kwamba hakuna siri ya mwili ambayo mama haambiwi, hata kama aliyesema ni mtu mwema aliyewapa pipi. Miaka sita hayahitajiki zaidi ya hayo. Wakiuliza mtoto hutoka wapi, jibu kwa ufupi na kwa ukweli kwamba hukaa tumboni kwa mama katika mahali paitwapo mji wa mimba. Mara nyingi wataridhika na kurudi kwenye mchezo.

Dada wa kazi naye mketishe umweleze hayo hayo mbele yao. Yeye mwenyewe mara nyingi ni mtoto wa watu aliyetolewa kijijini bila kuambiwa chochote, na humo humo ndani ya nyumba zetu naye huhitaji kulindwa.

Mwalimu (Hai)

Nakazia hilo la dada wa kazi. Katika mikutano ya wazazi hatajwi kamwe.

Mleta uzi (Rau, Moshi)

Nashukuru kwa michango yote. Nimekwisha kuandika barua kwa mwenyekiti wa kamati ya shule yetu, na nimetumia mengi yaliyosemwa hapa. Nimeomba mpango wa vipindi na picha zake vibandikwe ofisini ili mzazi yeyote avisome bila kuomba ruhusa, watu wazima wawili wawepo darasani, wavulana wasiachwe, vipindi vya darasa la tatu kuhusu kujilinda viwe vya watoto wote, na kipindi cha darasa la sita kuhusu kutungwa kwa mimba mzazi aruhusiwe kumwondoa mtoto kwa barua, akijua kwamba mada ya uzazi ndani ya sayansi itabaki palepale. Hilo la mwisho nimeliweka kwa ajili ya wazazi wenye msimamo kama wa ndugu wa Njiro. Binafsi singemwondoa wangu, lakini afadhali mzazi mmoja amwondoe mtoto kwenye kipindi kimoja kuliko kikao kizima kuvifuta vyote.

Pia nimeomba kikao cha wazazi peke yao, bila watoto, ambapo muuguzi atatueleza sisi kwanza yale atakayowaeleza wao. Mwenyekiti amejibu kwamba wazo ni zuri ila anahofia watakuja akina mama tu. Mwalimu wa Hai, kwenu huwa mnawapataje akina baba?

Mwalimu (Hai)

Tunakiita siku ile ile ya kutoa matokeo, na ripoti ya mtoto hukabidhiwa baada ya mazungumzo. Barua tunaiandika kwa jina la baba. Wasipokuja wote, huja nusu, na nusu hiyo huuliza maswali mengi kuliko akina mama.